Maji ya hewa na historia ya chumvi yetu ya Kivu



Kila mwaka mvua ikirudi mwezi wa tisa, kuna ulizo moja linarudi pia kwetu sisi tuliosoma kemia: juu gani chumvi inatoka maji? Gunia lililokaa kavu kiangazi chote linaanza kulowa chini, na hakuna mtu aliyelimwagia kitu. Wengine wanasema muuzishaji wa jumla aliongeza maji ili kilo zipande. Wengine wanasema ni chumvi mbaya. Bamama wa soko wao hawana muda wa kubishana: wanamwaga yale maji chini, wanaanika chumvi juani, kisha wanaendelea na kazi.

Hilo ulizo nataka kulijibu leo kwa njia ya historia, kwani haya maji ya hewani yameamua mambo mengi kwetu kuliko tunavyofikiri. Yaliamua namna wazee walivyofunga chumvi, yaliamua dawa gani iwekwe ndani ya chumvi ili watoto wasipate goita, na yalisaidia pia kuleta ugonjwa mwingine wa tezi uliotokea huku Kivu katika miaka ya 1990. Na lile jambo dogo la kumwaga maji ya gunia, mwishoni mtaona kwamba siyo dogo hata kidogo.

Tuanze na kemia, kidogo tu.

Hewa haiko kavu kabisa hata siku moja. Ndani yake mna maji tusiyoyaona, na tunayahesabu kwa asilimia: 100% maana yake hewa imejaa, haiwezi kubeba zaidi. Mwaka 1783 Horace-Bénédict de Saussure wa Geneva alichapisha kitabu juu ya kipimo alichokitengeneza kwa unywele wa mtu. Unywele unarefuka hewa ikilowa na unafupika hewa ikikauka, na mshale unaonyesha. Kwa kipimo hicho watu waliweza kupima jambo ambalo kila mpishi alilijua kwa mkono.

Sasa, kila chumvi ina mpaka wake. Hewa ikipita ule mpaka, punje inavuta maji, inalowa, na mwisho inayeyuka ndani ya maji iliyoyavuta yenyewe. Wafaransa wanaliita jambo hilo delikesansi. Kwa joto la digrii 25, kloruri ya sodiamu safi, ambayo ndiyo chumvi yenyewe ya kupikia, ina mpaka wa karibu 75%. Kloruri ya magneziamu yake iko karibu 33%, na kloruri ya kalsiamu karibu 30%. Maana yake, hewa ya 60% haigusi chumvi safi, lakini magneziamu kwa hewa hiyo inakunywa bila kuchoka.

Na chumvi ya bahari iko na hiyo magneziamu. Maji ya bahari yakikauka ndani ya mabwawa ya pwani, chumvi ya kupikia inatangulia kuganda, na magneziamu inabaki ndani ya yale maji machungu ya mwisho. Kama punje hazikuoshwa vizuri, yale machungu yanabaki yamezishika. Njo maana magunia mawili ndani ya duka moja, usiku mmoja, moja linalowa na lingine linabaki kavu. Muuzishaji wa jumla hakuiba kitu. Ni magneziamu inayovuta maji, na usiku wa mvua hewa yetu ya ziwani inapita 75% mara nyingi, basi hata chumvi safi nayo inaanza kulowa.

Kuna pia upande wa pili: chumvi zinazopoteza maji. Mnakumbuka sulfati ya shaba mu labo, ile ya buluu? Katika gramu 100 zake, gramu 36 ni maji yaliyofungwa ndani ya punje. Ukiichoma, maji yanatoka, inabaki unga mweupe. Chumvi ya Glauber, yaani sulfati ya sodiamu iliyopewa jina la Mjerumani Johann Rudolf Glauber wa miaka ya 1600, imebeba maji kushinda hiyo: karibu gramu 56 kwa 100. Na yenyewe haihitaji moto. Iache tu kwenye hewa kavu, ile punje nzuri inayong'aa inapasuka na kuwa unga. Hiyo ni efloresansi. Kwa hiyo hewa inatoa na hewa inakamata. Yote inategemea ni chumvi gani, na ni msimu gani.

Wazee wetu hawakuwa na kipimo cha Saussure, lakini biashara yao yote ya chumvi ilifuata hii kanuni.

Tazameni Katwe, lile ziwa la chumvi ndani ya kreta upande wa Uganda, karibu na ziwa Edward na mpaka wetu wa Kasindi. Chumvi yake ililisha watu wa pande zote mbili za mpaka, mingi ikipita kwa mitumbwi. Kazi ya mabwawa ya Katwe ni kazi ya kiangazi: jua na upepo vinakamata maji, chumvi inabaki. Mvua ikinyesha, maji matamu yanaingia na kazi inaharibika. Mfalme Kabalega wa Bunyoro alituma askari kushika mahali pale. Stanley alipita huko mwaka 1889. Mwaka 1891 Kapteni Lugard alijenga ngome hapo, juu alielewa haraka kwamba mwenye kushika chumvi anashika watu.

Ng'ambo ya ziwa Tanganyika kulikuwa Uvinza, karibu na mto Malagarasi. Huko maji ya chumvi yanatoka ardhini yenyewe, na watu waliyachemsha ndani ya vyungu. Vipande vya vyungu ambavyo wachimbaji wa mambo ya kale walivipata vinaonyesha kwamba kazi hiyo ina zaidi ya miaka 1,000. Chumvi ya Uvinza iliuzwa Ujiji na ilivuka ziwa kuja huku kwetu. Na Katanga kulikuwa Mwashya, kando ya mto Lufira. Chumvi yake ilitembea pamoja na shaba katika biashara ya wakati wa M'siri, yule aliyeuawa mwaka 1891.

Penye hakuna ziwa la chumvi wala chemchemi, watu walichoma majani ya majini, wakapitisha maji ndani ya majivu, wakachemsha yale maji mpaka yakauke. Chumvi hiyo ya majivu ni potasiamu zaidi kuliko sodiamu, na mara nyingi ina karbonati ya potasiamu, ambayo mpaka wake ni karibu 43% tu. Iache wazi usiku mmoja wa mvua, asubuhi utakuta uji.

Njo maana chumvi ilifungwa ndani ya majani, kipande kwa kipande, ikawekwa juu ya moto wa jikoni. Koko wangu alikuwa bado anafanya vile nilipokuwa mtoto. Tulidhani anaificha ili tusiirambe. Kumbe hewa ikipashwa moto, asilimia yake ya unyevu inashuka, hata kama maji yaliyomo ni yale yale. Juu ya mafiga pana kiangazi cha mwaka mzima. Mimi nilikuja kujifunza fomula ya jambo hilo chuo kikuu. Koko alikuwa nayo jikoni, bila fomula.

Kisha likaja gunia la kigeni. Wakati wa Leopold, chumvi ilikuwa kati ya vitu ambavyo maajenti walilipa watu waliotumwa kutafuta mpira, pamoja na vitambaa na mitako. Kulipwa vijiko vichache vya chumvi kwa kazi ya majuma, hiyo ni sura ingine ya historia na inastahili maandishi yake yenyewe. Hapa nataka tuone jambo moja tu: pole pole chumvi nyeupe ya mbali ilisukuma pembeni chumvi za majivu na za chemchemi. Tangu hapo, sisi watu wa Kivu tunakula kwa sehemu kubwa chumvi iliyosafiri. Mingi leo inatoka pwani ya bahari ya Hindi, inapanda kwa lori mpaka kwetu. Njia yote hiyo, hewa inafanya kazi yake juu ya gunia.

Sasa tufike ku goita.

Iodini, ile tunayozoea kuita iode, mwili unaihitaji kidogo sana: mtu mzima mikrogramu 150 kwa siku. Ikikosekana, tezi ya shingo inavimba ikijaribu kukamata kidogo inachopata. Mama mjamzito akiikosa sana, mtoto anaweza kuzaliwa na akili iliyozuiliwa, au kiziwi, au asikue vizuri. Milima yetu, mvua imeiosha kwa maelfu ya miaka, na udongo wake una iodini chache.

Katika miaka ya 1960, watafiti Wabelgiji waliofanya kazi na kituo cha IRSAC cha Lwiro, kati yao Daktari François Delange na Daktari Ermans, walikwenda kisiwa cha Idjwi. Upande wa kaskazini walikuta goita kwa zaidi ya nusu ya watu. Kusini-magharibi, kisiwa kile kile, goita ilikuwa chache, ingawa iodini ilikosekana pande zote mbili. Walipotafuta zaidi, waliona mkono wa muhogo: sumu ya muhogo usiotengenezwa vizuri inageuka mwilini kuwa tiosianati, na hiyo inazuia tezi kushika ile iodini kidogo iliyopo. Utafiti wa Idjwi ulisomwa dunia nzima. Ni heshima kwa Lwiro. Lakini ni vizuri pia tukumbuke kwamba nyuma ya hizo asilimia kulikuwa watoto wa watu, na wengine hawakupata kuongea maisha yao yote.

Dawa ilijulikana tayari. Uswisi, nchi ya milima kama sisi, ilianza chumvi yenye iodini mwaka 1922. Michigan ya Marekani ikafuata mwaka 1924. Goita ilipungua sana. Ukisoma habari hizo unajiuliza: sasa juu gani huku ilichukua miaka mingi vile? Sababu ni nyingi, pesa na siasa zimo. Lakini moja iko ndani ya hewa.

Uswisi na Marekani walitumia ioduri ya potasiamu, na chumvi ikafungwa ndani ya pakiti nzuri. Ilete ile ile kwenye nchi ya mvua, ndani ya gunia lililosukwa, uone. Chumvi inavuta maji. Kila punje inavaa ngozi nyembamba ya maji. Ioduri inayeyuka humo mara moja, juu gramu 100 za maji zinaweza kuyeyusha zaidi ya gramu 140 za ioduri. Sasa yanatokea mambo mawili. Kwanza, hewa na uchafu wa chumvi vinaibadili ioduri kuwa iodini yenyewe, na hiyo inaruka kama mvuke na kupotea. Pili, yale maji yanashuka kwa uzito wao mpaka chini ya gunia, yakibeba ioduri. Anayenunua chumvi ya juu hapati kitu. Anayenunua ya chini anapata kupita kiasi. Na yakivuja nje, ni udongo wa depo unaopata dawa.

Kwa hiyo nchi za joto zilishauriwa kutumia iodati ya potasiamu. Hiyo haiguswi na hewa kirahisi, na gramu 100 za maji haziyeyushi hata gramu 10 zake. Ilikuwa hatua kubwa. Lakini haikumaliza kesi. Mwaka 1998, watafiti wakiongozwa na Levente Diosady wa Chuo Kikuu cha Toronto walitoa matokeo ya chumvi za nchi mbalimbali zilizowekwa kwenye joto na unyevu kwa muda wa mwaka. Penye hewa ya maji mengi, chumvi zilipoteza kati ya 30% na 98% ya iodini yake. Zilizofungwa ndani ya plastiki nzima isiyopitisha maji zililindwa vizuri.

Hapo sasa inaingia sehemu ya historia inayotuhusu sisi zaidi, na ambayo wengi kati yetu hawajaisikia.

Kama unajua kwamba chumvi itapoteza iodini njiani, utafanya nini? Utaweka zaidi ku kiwanda. Mapendekezo ya kimataifa ya mwanzo wa miaka ya 1990 yalifanya vile, na yalipangwa kwa hali ya hewa: nchi ya baridi na kavu, kiasi hiki, nchi ya joto na unyevu, kiasi kikubwa zaidi, chumvi ya magunia makubwa kupita ile ya pakiti ndogo. Kwa nchi za joto na unyevu kiasi kilifika hadi miligramu 100 kwa kilo. Mtu wa kiwanda anaweka ile ziada kwa ajili ya hewa, kama vile unavyoongeza maharagwe ukijua wageni watakuja.

Sasa, wageni wasipokuja? Gunia lililotengenezwa vizuri kwa iodati, lililosafiri haraka wakati wa kiangazi, linafika na iodini yake yote. Na watu waliolipokea ni watu wa milima walioishi na goita miaka 30 au 40. Tezi ya namna hiyo, ikipewa iodini nyingi kwa ghafula, inaweza kukimbia bila kusikia breki. Moyo unapiga mbio, mikono inatetemeka, mtu anakonda huku anakula. Mwaka 1996 jarida la The Lancet lilitoa habari ya ugonjwa huo huku Kivu, baada ya chumvi ya iodini kuingia; Bourdoux na Ermans walikuwa kati ya walioandika, pamoja na Mukongomani mwenzetu Mukalay wa Mukalay. Nchi zingine za Afrika nazo ziliona jambo hilo. Mwaka ule ule wa 1996, Shirika la Afya Duniani na wenzake walipunguza kiasi: miligramu 20 mpaka 40 kwa kilo ku kiwanda, ili nyumbani zisipungue 15. Walihesabu kwamba 20% inapotea njiani na 20% ingine katika kupika.

Sisemi kwamba chumvi ya iodini ilikuwa kosa. Hapana, bandugu. Goita na watoto waliozuiliwa akili ni hasara kubwa mara nyingi kuliko ule ugonjwa, na ule ugonjwa unapungua tezi zikishazoea. Ninachosema ni hiki: Kivu ilipata iodini chache mno, kisha mahali pengine nyingi mno, na kati ya sababu za pande zote mbili kuna ulizo moja, maji kiasi gani yataingia ndani ya gunia kati ya kiwanda na sahani. Nani alipima hilo huku kwetu, lori kwa lori, msimu kwa msimu? Kiasi kilipangwa mbali, kwa kukisia hali ya hewa yetu.

Sasa turudi ku gunia la soko. Kiasi cha miligramu 15 kwa kilo ni hesabu ya pembeni kabisa: mtu akila gramu 10 za chumvi kwa siku, anapata mikrogramu 150, sawasawa na mahitaji yake. Hakuna ya kutupa. Basi yale maji yanayotoka chini ya gunia, ambayo tunayamwaga ili chumvi "isafike", yamebeba sehemu ya iodini. Ile tunayoanika juani inarudi nyeupe na nzuri kwa macho, lakini kile kilichofanya ilipiwe ushuru na kupimwa mpakani kimeshapungua. Na anayelipa siyo muuzishaji. Ni mama mwenye mimba ya miezi mitatu anayenunua chumvi ya franka chache kwa kipimo cha kopo, mwezi wa kumi na moja.

Kwa hiyo, sisi tuliobahatika kusoma, tufanye kitu. Haiombi mradi mkubwa.

Wenye depo: wekeni magunia juu ya mbao, mbali na ukuta na sakafu, na mtangulize kuuzisha yaliyotangulia kufika. Mkiweza, agizeni yale yenye plastiki ndani.

Walimu wa kemia: msifundishe delikesansi kwa chumvi ambazo mwanafunzi hatazigusa kamwe. Chukueni sahani mbili, moja chumvi ya magunia, moja chumvi safi ya pakiti. Pimeni jioni, pimeni asubuhi. Wanafunzi wangu hawajasahau somo lile, juu walirudi nyumbani wakafunika chumvi ya mama zao. Na mkipata ile dawa ya matone inayogeuza chumvi ya iodati kuwa buluu, pimeni ya juu ya gunia na ya chini, muone.

Sisi wote nyumbani: chumvi ikae ndani ya chombo chenye kifuniko, kijiko kikavu, na iingie sufuriani mwishoni. Wanaoiweka wazi karibu na moto kama koko wangu, wafunike. Yeye alikuwa na haki kwa chumvi yake, ambayo haikubeba dawa ya kupotea. Yetu imeibeba.

Na wenzetu wa Lwiro, wa vyuo vya afya na wa ofisi za mpakani: kama kuna mtu mwenye vipimo vya chumvi ya Kivu, vya msimu wa mvua na vya kiangazi, aviandike hapa chini tuvisome pamoja. Kiangazi kinaisha karibuni, na lori za mwezi wa tisa ziko njiani.